Kichanja Kwenye Dirisha la Nyar Kosele

Ijumaa, 10 Machi 1995. Mvua ilinyesha usiku na ua wote umelowa. Kuna wingu jepesi juu ya ziwa. Moyo wangu si mweupe.

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapootesha miche ndani ya nyumba ni kuanza kuhesabu siku wanapopata mbegu. Mbegu ikifika mkononi, wanaitia kwenye udongo. Hesabu hiyo inapaswa kuanzia upande wa pili. Jiulize kwanza shamba litakuwa tayari lini kuipokea miche, kisha urudi nyuma mwezi mmoja na kidogo, na hapo ndipo utie mbegu. Mche wa nyanya ukishafikia kimo chake haungoji. Ukikosa pa kwenda, mizizi inajizungusha ndani ya pakiti, shina linakuwa gumu kama kijiti cha ufagio, majani ya chini yanageuka manjano. Hata ukiupeleka shambani baadaye, utakuzalia nyanya ndogo kama kokoto.

Nyar Kosele hakufanya kosa hilo. Alianza kwenye mvua akarudi nyuma, kama nilivyomwelekeza. Kuna jambo moja tu ambalo hakulitia kwenye hesabu yake, nalo ni mimi.

Acha niandike kwa utaratibu, labda nitajielewa.

Nyar Kosele ni mke mwenzangu. Tuko wake wawili katika boma hili lililo juu ya Kendu Bay, na mimi ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza. Yeye aliolewa wakati mimi nafundisha somo la kilimo kule Migori, nikija nyumbani shule zikifungwa tu. Ana jina la ubatizo, lakini huku mwanamke huitwa nyar, yaani binti wa kwao, na kwao ni Kosele. Mume wetu sote tunamwita Mzee. Nilipostaafu nilirudi na sanduku la vitabu, na miguu inayouma, na tabia ya kumweleza kila mtu kila kitu. Nyar Kosele alikuwa mtu pekee hapa aliyekuwa akinisikiliza mpaka mwisho.

Ndiyo maana nilimfundisha kutengeneza kichanja.

Nitakieleza hapa, kwa sababu ni changu hata kama kinachosifiwa kimesimama nyumbani kwa mwenzangu. Kata miti minne ya mkaratusi, minene kama kifundo cha mkono, na kila mmoja ufike kiunoni mwako. Usipunguze hapo. Kuku wetu wanalala ndani ya nyumba, na kuku anayeweza kuifikia miche ataifikia. Juu yake pigilia mabanzi, yale maganda ya magogo yanayotupwa mahali wanapopasua mbao, na uache nafasi ya kidole kati ya banzi na banzi ili maji yapite. Simamisha kila mguu ndani ya mkebe wenye maji na tone la mafuta ya taa, ili siafu wasipande. Upande ulio mbali na dirisha egemeza bati la zamani lililosuguliwa kwa mchanga mpaka ling'ae. Mwanga ukiingia dirishani utaligonga na kurudi, na miche itapata mwanga pande mbili. Bila bati, miche yote inainamia dirishani kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.

Udongo ni makarai matatu ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza vizuri, moja la mchanga wa ziwa. Chekecha. Mwagia maji yanayochemka, ufe ule ugonjwa unaoozesha shina pale linapogusana na udongo. Ngoja upoe. Jaza kwenye pakiti tupu za maziwa, toboa chini, panda. Kwa kumwagilia, chukua mkebe, utoboe matundu kwa msumari. Utakachonunua ni misumari. Mengine yote yanaokotwa.

Nilimchorea haya yote kwa kijiti, uani, mwezi wa Desemba. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kwa nini kiunoni na siyo kifuani. Nikamwambia ni kwa sababu kitu kilicho juu ya kiuno hukimwagilii vizuri, unakirushia maji. Alicheka akasema, basi yeye atapima kwa kiuno chake, si kwa changu, kwa sababu changu kiko karibu na mawingu.

Tulitengeneza vichanja viwili, kimoja kwangu na kimoja kwake. Tulipanda mbegu za nyanya kutoka pakiti moja, tukazigawana juu ya meza yangu.

Sasa nieleze kuhusu nyumba, kwa sababu hapo ndipo maumivu yangu yalipo.

Katika boma letu nyumba ya mikayi hutazama lango. Hiyo ndiyo heshima yake. Anayeingia langoni anaona mlango wangu kwanza. Lango letu linatazama kaskazini, ziwani, kwa hiyo mlango wangu na dirisha langu kubwa vinatazama kaskazini. Nyumba ya mke wa pili iko pembeni, upande wangu wa kulia, ndio kusema mashariki. Dirisha lake la nyuma linapokea jua tangu linapochomoza. Dirisha langu halipati jua mwezi huu hata kidogo, linapata mwanga wa anga tu. Na lile dirisha dogo nililo nalo upande wa mashariki limekingwa na nyumba ya nani? Ya Nyar Kosele.

Niliyajua haya kabla hatujapigilia msumari wa kwanza. Nimefundisha watoto wa watu kuhusu mwanga na mimea kwa maisha yangu yote ya kazi. Lakini nilifikiri bati litatosha. Au sikutaka kukubali kwamba mahali pa heshima katika boma ndipo pabaya kwa nyanya.

Miche yangu ilirefuka. Ikawa myembamba na myeupe kama mikia ya panya. Nyar Kosele alipokuja kuiona alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Mikayi, hii miche yako imekuwa mirefu kama polisi wa trafiki. Inatafuta nini huko juu?"

"Jua," nikamjibu.

"Basi iambie jua liko kwangu linakunywa chai."

Nilicheka siku hiyo. Naandika hilo ili nikumbuke kwamba mwanzoni nilikuwa bado naweza kucheka.

Yake ilikuwa mifupi, minene, ya kijani kibichi chenye zambarau kidogo kwenye shina, jinsi mche wa nyanya unavyopaswa kuwa. Ukiipapasa kwa kiganja inarudi wima yenyewe. Nimeipapasa mara nyingi kuliko anavyojua. Anapokwenda kisimani mimi huingia, nikijiambia nakagua kazi ya mwanafunzi.

Wiki zikapita, watu wakaanza kuja. Mama fulani wa kikundi cha akina mama, kisha wawili, kisha wakawa wanaleta wageni wao. Wanapita mlango wangu. Wananisalimia vizuri sana, "Oyawore, Mwalimu," kisha wanakata kwa Nyar Kosele.

Na Mzee akahamisha kiti chake.

Kiti hicho cha kukunja kimekuwa kwenye baraza yangu tangu niliporudi. Asubuhi moja nilikiona kwa Nyar Kosele, kando ya kichanja, na Mzee amekikalia akiwaeleza wageni jinsi mwanga unavyogonga bati na kurudi. Alieleza kwa maneno yangu. Hata alinyanyua kidole pale ninaponyanyua mimi. Nilikuwa nimebeba sinia la viazi, nikasimama nje ya dirisha nikisikiliza somo langu mwenyewe, na jina langu halikutajwa.

Lakini hilo ningelivumilia. Nililoshindwa kuvumilia ni la Bi Zuhura.

Bi Zuhura ana hoteli pale Kendu Bay, karibu na stendi. Si mtu wa huku, ndugu zake ni wafanyabiashara wa Mombasa, na Kiswahili chake kinaniburudisha masikio kila nikipita kunywa chai. Mwezi uliopita alipanda kuja hapa mwenyewe, kutafuta mtu wa kumletea nyanya msimu mzima. Aliingia kwa Nyar Kosele, na mimi nikaingia nyuma yake.

"Mashallah," akasema, akizunguka kichanja. "Nyar Kosele, mambo haya umejifunza wapi?"

Nyar Kosele alifungua kinywa. Mzee akamtangulia.

"Hapa hapa nyumbani," akasema, kama mtu anayezungumzia ng'ombe wake.

Bi Zuhura akanigeukia. "Na wewe Mwalimu, mbona humuigi mwenzio? Nimeona miche yako pale, maskini. Mwambie akuelekeze, usione haya. Nyinyi si watu wa nyumba moja?"

"Ah-ah, Bi Zuhura, ni yeye ndiye..." akaanza Nyar Kosele.

Lakini Bi Zuhura alikuwa ameshainama kuangalia miguu ya kichanja ndani ya mikebe, akiuliza mafuta ya taa yanawekwa kiasi gani, na Nyar Kosele akamjibu. Nilipata nusu ya sentensi. Nyingine ilimezwa na mafuta ya taa.

Nilirudi nyumbani kwangu, nikang'oa miche yangu yote nikawapa kuku.

Sasa nieleze mila, kwa sababu bila hiyo kisa hiki hakina meno.

Kwetu mbegu ina mpangilio. Kila msimu mikayi ndiye anayefungua shamba. Mpaka mkono wake utie mbegu ardhini, mke wa pili hapandi, na wana waliooa hawapandi. Hahitaji kupanda shamba zima, mstari mmoja unatosha, konzi moja ya mtama. Akishatoka shambani kila mtu yuko huru. Mke wa pili akitangulia, wazee watasema ameleta balaa nyumbani, na kila mtoto atakayekohoa mwaka huo kikohozi chake kitawekwa mlangoni kwake. Huko Migori nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba udongo haumjui mke wa kwanza wala wa mwisho, unajua maji na joto. Bado naamini hivyo. Lakini hakuna anayenisikiliza nikiyasema hapa.

Tulipotengeneza vichanja Mzee alifikiri sana kuhusu jambo hili. Mbegu ndani ya pakiti ya maziwa, ndani ya nyumba, imepandwa au haijapandwa? Alitoa hukumu akiwa anapangusa miwani.

"Mbegu iliyo juu ya mbao ni kama mboga iliyo kwenye sufuria," alisema. "Hiyo haijapandwa. Lakini siku itakapogusa ardhi ya shamba, imepandwa. Na haitagusa kabla ya mkono wa mikayi."

Wote tuliona ni hukumu nzuri. Nilimsifu.

Mvua ya kwanza ilishuka mwishoni mwa mwezi uliopita. Majirani wakatoka na majembe siku iliyofuata. Mimi sikutoka.

"Min Akinyi," Mzee akaniambia kwenye chai. Akinyi ni mtoto wangu wa kwanza. "Kwa jirani wameshapanda."

"Mvua moja si mvua. Mbegu itachipua, jua lirudi, ife."

Hilo ni kweli. Nimewahi kuona.

Ikaja mvua ya pili, nzito kuliko ya kwanza.

"Na hii?" akauliza.

"Udongo bado una joto chini. Tungoje lishuke."

Hilo nalo lina ukweli kidogo ndani yake. Mzee alikuna sikio. "Wewe ndiye unayejua udongo," akasema, akaondoka na kikombe chake kwenda kukaa kule kwingine.

Mvua ya tatu nilisema ni goti.

Watu hunisifu kwamba ni mvumilivu. Wazazi walikuwa wakisema, mpelekee mwalimu yule, hachoki kurudia. Sikuwahi kujua kwamba uvumilivu unaweza kutumika hivi. Mwenye hasira angeingia usiku akaipindua miche na kesho yake kila mtu angejua. Mimi sihitaji kugusa kitu. Ninakaa barazani, na goti langu, na sababu zangu nzuri za kisayansi, na miche ya Nyar Kosele inazeeka yenyewe. Ikiharibika hakuna atakayenilaumu. Watasema Nyar Kosele alikuwa na haraka, alipanda mapema, hakujua kuhesabu. Na mimi ndiye nitakayewaeleza kosa lake. Nimeshalitayarisha hilo somo. Liko pale juu, mwanzoni mwa maandishi haya.

Nimelisoma tena sasa hivi na uso wangu umepata moto.

Jumapili iliyopita niliingia kwake akiwa nyumbani. Nilitaka kuona majani ya chini yamefikia wapi. Yalikuwa bado ya kijani, lakini kijani kilichoanza kuchoka. Kwenye kona ya kichanja niliona safu ya pakiti zilizofungwa uzi mwekundu.

"Hizi ni za Bi Zuhura?"

"Hizo ni zako, Mikayi. Nilizigawa zikiwa bado ndogo. Niliona hilo dirisha lako halitakusaidia."

Ningekuwa mtu mwema ningeshukuru. Nilisema asante, kwa mdomo. Ndani nilikasirika kuliko siku ya Bi Zuhura. Zile za uzi mwekundu zilikuwa nzuri kuliko zote, hakunichagulia makapi. Angenipa makapi ningepata la kumshika nalo. Sasa nilikuwa na wivu, na tena nilikuwa nimepewa zawadi, na sikujua niuweke wapi wivu wangu.

Sikupanda Jumatatu. Sikupanda Jumanne. Kila asubuhi niliangalia anga kama mtu anayetafuta kibali cha kukataa.

Nyar Kosele hawezi kuniambia nipande. Hilo nalo ni la mila. Mke wa pili kumharakisha mikayi kufungua shamba ni kumtukana, ni kama kumwambia amezeeka. Shamba lake liko tayari, mashimo yamechimbwa na samadi imewekwa, naliona kutoka barazani. Kila asubuhi anakwenda kung'oa magugu yanayoota kwenye mashimo matupu, kisha anarudi. Ananisalimia anapopita, kwa sauti ile ile ya siku zote, na jembe lake lina udongo mbichi.

Lakini kuna kitu anachoruhusiwa kufanya, nacho ni kuniuliza swali kama mwanafunzi.

Jana mchana alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Mikayi, mizizi imeanza kuchungulia chini ya pakiti. Ni nyeupe. Nifanye nini?"

Nilikuwa nachambua maharage. Sikunyanyua macho.

Jibu la swali hilo ni moja tu, na kila mtoto niliyemfundisha darasa la sita angelisema. Mizizi ikichungulia, peleka shambani. Nyar Kosele analijua. Nilimfundisha mimi mwenyewe, uani, kwa kijiti. Alikuwa ananiuliza kwa njia pekee iliyo wazi kwake, na alikuwa anajua kwamba ninajua.

"Punguza maji," nikasema.

Akauliza, "Kwa kiasi gani?"

"Usimwagilie mpaka nikwambie. Mche ukikaa na kiu kidogo unapunguza mwendo."

Hata hilo si uongo. Mkulima anayechelewa siku moja mbili hufanya hivyo. Lakini miche ile iko kwenye pakiti ndogo, karibu na bati linaloiongezea jua, na jana jua liliwaka vibaya kabla mvua haijaja usiku. Nilijua. Nilikuwa najua wakati maneno yanatoka.

"Haya, Mikayi," akasema, akaenda.

Leo asubuhi niliwafungulia kuku mlango nikatoka nyuma yao. Mlango wa Nyar Kosele ulikuwa wazi na nikamwona ameketi kwenye kile kiti cha kukunja cha Mzee, mbele ya kichanja, na ule mkebe wa matundu uko mapajani mwake, mkavu. Nje maji ya mvua yanadondoka kutoka kwenye bati la paa hadi kwenye pipa, na pipa limejaa linamwagika. Ndani miche imelala. Yote. Majani yamekunjamana kama vidole vya mtu aliyeoga muda mrefu, vichwa vimening'inia nje ya pakiti. Safu ya uzi mwekundu nayo imelala pamoja na nyingine.

Alikuwa amekaa na maji umbali wa hatua chache, na hakuyachota, kwa sababu nilisema asichote mpaka nimwambie.

Nimefundisha watu wengi. Wengi walinisikiliza mpaka mtihani ukaisha. Sijawahi kuona mtu akiamini neno langu kuliko macho yake mwenyewe, hivi, asubuhi na mapema, na kitu anachokipenda kikifa mbele yake. Na neno lenyewe nililompa lilikuwa la wivu.

"Umesema tupunguze," akaniambia. Hakuwa ananilaumu. Sauti yake ilikuwa kavu tu. "Nimepunguza."

"Mwagilia."

"Sasa?"

"Sasa. Polepole, usirushe. Mpaka uone maji yanatoka chini."

Aliinuka kabla sijamaliza. Nilisimama pale mpaka alipofika safu ya mwisho. Mche wa nyanya uliokauka usiku mmoja huweza kuinuka ukipata maji mapema, na baadhi ya ile ya mbele ilikuwa imeanza kunyanyua shingo. Ile ya karibu na bati sijui. Nyar Kosele alimwagilia zangu mwisho. Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, "Mikayi, nikikukosea huwa unaniambia. Safari hii nimekukosea nini?"

Nilimwambia nakwenda kunywa dawa ya goti.

Nimerudi kwangu nikachukua daftari hili. Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yangu, kwa sababu Dholuo ndiyo lugha tunayogombana nayo na Kiingereza ndicho nilichotumia kuandikia ripoti, na mambo ya moyoni yamebaki na Kiswahili.

Nilifikiri nikiandika wivu utapungua. Haujapungua. Bado naona kile kiti kiko kwake. Bado namsikia Bi Zuhura akisema maskini. Bado nataka, na ninajua jinsi inavyosikika kwa mwanamke wa umri wangu, nataka mtu mmoja aingie langoni, asimame mlangoni pangu, aseme, Mwalimu, nimesikia ni wewe uliyeanzisha. Ningetoa mbuzi kwa ajili ya sentensi hiyo. Pengine hakuna atakayekuja kuisema. Nyumba yangu itaendelea kutazama kaskazini, na msimu ujao jua litachomoza tena nyuma ya paa lake.

Nilikuwa nasubiri moyo uwe safi ndipo nipande. Nilijiambia hivyo usiku wa juzi, kwamba nisifungue shamba nikiwa na kinyongo, kwamba mbegu ya kinyongo haioti. Hilo nalo ni sababu nyingine, iliyovaa nguo za kanisani. Mtama hauulizi anayeupanda ana moyo gani. Unajua maji na joto, na vyote viwili viko nje sasa hivi. Unaweza kuwa na wivu na bado ukainama ukapanda mstari. Mikono si moyo.

Leo ni Ijumaa. Sisi ni Wasabato, tunasali Jumamosi, na jua likizama hakuna jembe litakaloguswa mpaka Jumapili. Miche ile iliyonyanyua shingo asubuhi hii haina siku mbili za kukaa kwenye pakiti. Na Jumapili nitakuwa nimepata sababu mpya. Ninajijua.

Ikipandwa leo jioni, jua likiwa limepungua, udongo ukiwa umelowa hivi, itapona. Lakini haitazaa kama ambavyo ingezaa ikipandwa wiki iliyopita, na hilo nitalibeba mimi. Nitamwambia? Kuhusu yale maji, nitamwambia. Ameniuliza swali na sijawahi kumnyima mwanafunzi jibu mpaka wiki hii. Lakini jibu linaweza kungoja mpaka tukutane shambani. Miche haiwezi.

Kutoka hapa ninapokaa naliona jiko lake likitoa moshi. Amebandika chai. Mlango wake uko wazi, na anayepita na jembe kwenda shambani lazima aonekane.

Mbegu ya mtama iko kwenye kibuyu nyuma ya mlango. Goti linauma, kwa kweli linauma, lakini linafika shambani.

Funga daftari, chukua jembe na konzi moja ya mtama, nenda ukapande mstari mmoja kabla chai ya Nyar Kosele haijachemka.